Basi Litoalo Maji

Sifa ya kwanza inayotajwa juu ya basi la haidrojeni ni ya kweli. Ndani yake mna seli ambamo haidrojeni hukutana na oksijeni ya hewani, umeme ukazaliwa, na umeme huo ukazungusha magurudumu. Nyuma hutoka mvuke wa maji tu. Hapana moshi, hapana masizi, wala hapana ngurumo ya injini. Kanuni yenyewe si uzushi wa jana, maana William Grove, mwanasheria wa Wales aliyependa sayansi, aliionyesha katika karne ya 19. Kosa la wanaolisifu basi hili si uongo. Kosa lao ni kuanza hesabu mkiani mwa gari na kuikomesha papo hapo.

Haidrojeni haingoji kutekwa kama maji ya kisima. Sharti itolewe katika kitu kingine, na sehemu kubwa ya ile itumikayo duniani hutolewa katika gesi asilia. Kila kilo moja ipatikanayo kwa njia hiyo huacha nyuma yake kilo 9 au 10 za hewa ya ukaa. Basi la mjini hula kadiri ya kilo 9 za haidrojeni kwa mwendo wa kilomita 100. Azidishaye atapata kilo 80 na ushee, pengine 90, za hewa chafu. Basi la dizeli linywalo lita 40 kwa mwendo uleule hutoa kilo 100 na ushee. Tofauti iliyonunuliwa kwa mali nyingi ni hiyo! Moshi haukufutwa, umehamishwa kutoka njiani mpaka kiwandani. Mapafu ya wapita njia hupata nafuu, na nafuu hiyo isidharauliwe. Lakini ahadi iliyotolewa ilikuwa kubwa kuliko hiyo.

Watetezi hujibu kwamba haidrojeni yaweza kutolewa katika maji kwa nguvu za umeme wa jua, upepo au mito. Jawabu ni jema, ila lina deni lake. Umeme hupotea katika kuyatenga maji, hupotea katika kuishindilia gesi mitungini, na hupotea tena ndani ya seli. Katika sehemu 100 za umeme, zinazofika magurudumuni hazizidi 30 hivi. Umeme uleule ukitiwa katika betri ya basi, hufika sehemu 70 au zaidi. Mwenye umeme safi mchache ana haki gani ya kuumwaga hivyo?

Deni hili lilionekana wazi Whistler, mji wa milima ya theluji katika jimbo la British Columbia, Kanada. Kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya mwaka 2010, mabasi 20 ya haidrojeni yaliwekwa barabarani huko, kwa mradi uliokaribia dola milioni 90 za Kanada. Haidrojeni yenyewe ilitoka Quebec, upande wa pili wa nchi, ikachukuliwa kwa malori ya dizeli mwendo wa zaidi ya kilomita 4,000. Dizeli iliyofukuzwa kituoni ikawa mchukuzi wa mrithi wake. Ajabu zaidi, jimbo hilohilo hupata sehemu kubwa ya umeme wake kwa nguvu za mito, na Vancouver, mji usiofika kilomita 130 kutoka hapo, umeendesha mabasi ya umeme wa nyaya tangu mwaka 1948. Mwaka 2014 mradi ulikoma, na mabasi ya dizeli yakashika zamu.

Husemwa kwamba lile lilikuwa jaribio, na kwamba elimu haipatikani bure. Na iwe hivyo. Basi jaribio liitwe jaribio, na lilipiwe kwa fungu la utafiti. Abiria angojaye kituoni saa nzima kwa sababu mabasi hayatoshi hakuomba kuwa mfadhili wa maabara. Yako mahali haidrojeni ina hoja ya haki: njia ndefu za milimani, baridi kali inayodhoofisha betri, kazi isiyoruhusu gari kusimama saa nyingi likitiwa umeme, maana mtungi hujazwa kwa dakika 10 hivi. Mji wenye njia za namna hiyo, na haidrojeni safi jirani, haupaswi kuchekwa. Lakini mabasi mengi ya miji huenda polepole, hurudi kulala bandani kila usiku, na hapo betri hutosha.

Montpellier, kusini mwa Ufaransa, ulikuwa umekusudia kununua mabasi 51 ya haidrojeni. Hesabu ilipofanywa, ilidhihirika kwamba kila kilomita ingegharimu yuro 0.95 kwa haidrojeni, na yuro 0.15 kwa umeme. Januari 2022 meya wake, Michaël Delafosse, aliuacha mpango huo akachagua mabasi ya umeme, akasema kwamba habari ya haidrojeni itatazamwa tena mwaka 2030, kuona kama bei imeshuka.