Kufufua ukumbi wa Kamirithu si suala la kuta pekee

Mnamo 1977, wakulima na vibarua wa Kamirithu, Limuru, walijijengea ukumbi usio na paa na kuigiza 'Ngaahika Ndeenda'. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo mwaka uo huo, kisha ukumbi ukabomolewa na polisi mnamo 1982.

Mchezo huo ulirejea jukwaani 2022, lakini jijini Nairobi, mbali na kijiji kilichouzaa.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani. Hivyo, Kiambu haina sababu ya kungoja Serikali Kuu. Hata hivyo, ukumbi wa awali ulistawi kwa kuwa wanakijiji wenyewe ndio waliokuwa mafundi, waigizaji na wahakiki. Wasiposhirikishwa tena, jengo lolote litakalosimamishwa litageuka gofu.