CHUMA NACHO HUCHOKA



Tangu shafti ya mashine yetu ya kusaga ikatike, maneno ni mengi kijijini. Wapo wanaosema mwendesha mashine akatwe mshahara, eti siku ile alikuwa anasaga debe mbili tu za mahindi, iweje chuma kikatike? Sisi tunasema: asikatwe. Sababu tunazo.

Nendeni ofisini mkakione kipande chenyewe. Uso wake una sehemu mbili. Kubwa ni laini, imeshika kutu, ina mistari kama ile inayoachwa na maji ya Nyumba ya Mungu yakipungua. Ndogo inang'aa na ina chengachenga. Hiyo ndogo tu ndiyo iliyokatika siku ile. Ile ya kutu ni ufa wa zamani, uliokuwa ukitambaa siku nyingi huku sisi sote tunakula ugali.

Chukua waya, ukunje na kuukunjua. Mara ya kwanza haukatiki, wala ya pili. Lakini endelea tu, utakatika. Shafti inayovutwa na mkanda nayo hupinda kidogo kila izungukapo, jicho halioni. Ikizunguka mara 600 kwa dakika, kwa saa moja ni mara 36,000. Mzigo usioweza kuikata leo huikata baada ya miaka, na ufa huanzia penye kona kali, tundu au mkwaruzo.

Hata wakubwa yaliwakuta. Mwaka 1952 ndege ya Waingereza, Comet, ilianza kupeleka abiria London hadi Johannesburg, ikitua hapo Entebbe. Mwaka 1954 mbili zilipasuka angani, watu 56 wakafa. Wataalamu waliutia mwili wa ndege kama hiyo katika tangi la maji, wakaujaza na kuupunguza mgandamizo tena na tena, mpaka ubavu ukapasuka penye kona ya tundu. Kosa halikuwa la rubani. Bati lilichoka.

Tena kuna uchovu wa aina ya pili. Tazameni boriti ya ghala letu. Magunia hayatikisiki, yamekaa tu msimu hata msimu, na boriti inazidi kubonyea. Mzigo wa kudumu nao hupinda, jamani.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Mwenzetu asikatwe hata senti.

2. Shafti ya zamani isichomelewe. Mpya ichongwe kona za mviringo, na mkanda usikazwe kupita kiasi.

3. Kila msimu ikaguliwe: ipakwe mafuta ya taa, ipanguswe ikauke, kisha ipakwe unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatachuruzika na kuonyesha mstari.

4. Boriti iwekewe nguzo kabla ya mavuno, siyo baada ya maafa.

Gharama yake ni ndogo kuliko ya shafti moja. Mkutano ujao tuinue mikono kwa haki. Mnyonge asilipie uchovu wa chuma.

Ushirika ni nguvu.