Fuata Ngazi, Ila Ngazi Inaishia kwa Nani?



Tumechoka kusikia neno “fuata ngazi”. Muuguzi akitukanwa mbele ya wagonjwa, au daktari kijana akipangiwa zamu za usiku mfululizo kwa kuwa alithubutu kuuliza swali, jibu huwa hilo hilo: peleka malalamiko kwa mkuu wako. Na kama mwonevu ndiye huyo mkuu? Hiyo ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

Wako wanaodai kwamba hayo ni ya watumishi wenyewe kwa wenyewe, hayamhusu mgonjwa. Tunawapinga, na ushahidi wetu ni mji wa Bristol, Uingereza. Mwaka 1990 Dk. Stephen Bolsin, daktari wa dawa ya usingizi, alimwandikia mtendaji mkuu wa hospitali, Dk. John Roylance, akieleza hofu yake juu ya vifo vya watoto waliopasuliwa moyo. Alifuata ngazi, tena hadi juu kabisa! Kwa maelezo yake, alichopata ni karipio kutoka kwa Dk. James Wisheart, mmoja wa wapasuaji wale wale ambao kazi yao ilitiliwa shaka. Roylance alishikilia kwamba mambo ya tiba ni ya madaktari, kana kwamba yeye mwenyewe hakuwa daktari. Uchunguzi ulioongozwa na Ian Kennedy, uliotoa taarifa mwaka 2001, ulikadiria kwamba kati ya 1991 na 1995 watoto wa chini ya mwaka mmoja 30 hadi 35 walikufa hapo zaidi ya ilivyotarajiwa.

Roylance na Wisheart walifutwa katika orodha ya madaktari mwaka 1998. Bolsin alikuwa amekwisha kuhamia Australia tangu 1996. Aliyesema kweli ndiye aliyetangulia kufungasha mizigo.

Hatusemi kila lalamiko ni la haki. Wapo wanaosukumwa na wivu, na mtuhumiwa naye anastahili kusikilizwa. Basi wote wawili wasikilizwe na mtu asiye wa idara yao. Lalamiko liandikwe, lipewe tarehe ya kujibiwa, na mlalamikaji asihamishwe kituo kwa kisingizio cha “kutuliza hali” kabla uchunguzi haujaisha. Na lile sanduku la maoni lililopigiliwa karibu na dirisha la dawa, ufunguo wake usikae mfukoni mwa mganga mfawidhi.