Mitambo ya pamoja haijigawi yenyewe

Katika ofisi nyingi siku hizi husikika usemi huu: "Mfumo wetu tumeuhamishia kwenye mitambo ya pamoja, kwa hiyo tatizo la vifaa limekwisha." Wasemao hivyo husema kwa nia njema, na kwa sehemu wana haki ya kufurahi. Lakini usemi huo ni nusu ya ukweli, na katika mambo ya umma nusu ya ukweli aghalabu huleta hasara kubwa kuliko uongo ulio dhahiri. Uongo hukanushwa mapema, ilhali nusu ya ukweli hupewa kiti mkutanoni na kutengewa fedha.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Kwa miaka mingi kila kazi ya mtandao wa simu na wa kompyuta ilikuwa na chuma chake. Kazi ya kuunganisha mazungumzo ilikuwa na kabati lake, kazi ya kuzuia wavamizi ilikuwa na kisanduku chake, na daftari la wateja lilikuwa na mtambo wake. Kila kimoja kilikuja na vipuri vyake na fundi wake. Mwezi Oktoba 2012 makampuni 13 makubwa ya simu, yakiwamo AT&T ya Marekani, BT ya Uingereza, Deutsche Telekom ya Ujerumani na KDDI ya Japani, yalitoa waraka katika mji wa Darmstadt, Ujerumani, yakitaka kazi hizo ziondolewe katika makabati maalumu na kugeuzwa kuwa programu zinazoendeshwa juu ya kompyuta za kawaida. Kompyuta moja yenye nguvu ingegawanywa katika mashine pepe nyingi, yaani mashine zinazofanya kazi kama kamili ingawa hazina chuma chake zenyewe.

Wazo la kugawa kompyuta hivyo halikuwa geni, kwani kampuni ya IBM ilikwisha kuwapa wateja wake mfumo wa namna hiyo mwaka 1972. Jambo jipya lilikuwa kuliingiza katika njia ya simu za wananchi. Tangu hapo ETSI, taasisi ya viwango yenye makao yake Ufaransa, imeandika taratibu nyingi juu ya kazi hiyo, na mwezi Aprili 2020 kampuni ya Rakuten Mobile ilianza kuuza huduma nchini Japani kwa mtandao uliojengwa kwa njia hiyo tangu msingi.

Faida ya kuchangia ni ya kweli, na hesabu yake ina zaidi ya miaka 100. Agner Krarup Erlang, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, aliieleza katika maandiko yake ya mwaka 1917. Tuchukue miji 10, kila mmoja ukiwa na wastani wa mazungumzo 10 kwa wakati mmoja. Ikiwa tunataka katika kila simu 100 isizidi moja inayokuta njia zimejaa, kila mji peke yake utahitaji njia 18, na jumla itakuwa njia 180. Lakini miji hiyo yote ikichangia fungu moja, njia zipatazo 120 zitatosha. Theluthi ya gharama imeokolewa, na hakuna mwananchi aliyepunjwa. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili ubaoni.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina sharti lake, nalo husahauliwa mara tu akiba inapoonekana. Sharti lenyewe ni kwamba kila mtu apige simu kwa shida yake mwenyewe, bila kusukumwa na jambo lile lile lililomsukuma jirani yake. Siku ya mafuriko sharti hilo huvunjika. Huvunjika pia siku matokeo ya mitihani yanapotangazwa, na saa ya mwisho ya kulipa kodi. Siku hizo miji yote 10 hupiga simu pamoja, na lile fungu lililotosha mwaka mzima huonekana dogo kwa muda wa dakika chache. Kwa maneno mengine, uchangiaji hutuokoa katika siku za kawaida, nao hutufichia udhaifu wetu mpaka siku isiyo ya kawaida.

Hapa ndipo usimamizi unapoanza. Msimamizi wa mitambo ya pamoja hushawishika kutoa ahadi nyingi kuliko alichonacho. Kompyuta yenye nguvu ya mashine 10 huahidiwa watu 30, kwa matumaini kwamba hawatakuja pamoja. Ahadi hiyo huenda ikavumilika kwa upande wa nguvu ya kukokotoa, kwa kuwa nguvu hiyo ikipungua kazi huchelewa tu. Kwa upande wa kumbukumbu ya mashine mambo ni magumu zaidi, kwa sababu kumbukumbu ikiisha mfumo hufika mahali pa kuua programu moja ili nyingine ziishi. Na kazi za mtandao hazistahimili ucheleweshaji kama kazi za ofisi. Barua ikichelewa nusu dakika husomwa vile vile, lakini mazungumzo ya simu yakichelewa nusu sekunde huwa vurugu.

Mfano wa Japani unatufaa. Tarehe 2 Julai 2022 mafundi wa KDDI walikuwa katika kazi ya matengenezo, na ruta moja ikapotoshwa njia. Kosa la kwanza lilikatiza mawasiliano ya sauti kwa dakika chache. Mawasiliano yaliporejeshwa, simu zilizokuwa zimekatiwa zikabisha hodi kwa pamoja ili zijiandikishe tena. Mitambo ya kuunganisha mazungumzo ikazidiwa, na kumbukumbu za wateja zikaanza kutofautiana kati ya mtambo na mtambo. Usumbufu ulidumu zaidi ya saa 60 na kuwagusa mamilioni ya watu, hata simu za dharura. Hapa haidhuru kama mitambo iliyozidiwa ilikuwa makabati ya zamani au mashine pepe, maadamu kanuni ni ile ile: kosa dogo la dakika chache likikutana na umati usiopangiwa foleni, hugeuka kuwa msiba wa siku tatu.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kununua mitambo zaidi. Ununuzi una mahali pake, lakini kununua bila kupima ni kujaza pipa lenye tundu. Kompyuta iliyowashwa bila kazi hula umeme na kuzeeka vile vile, nayo imelipiwa kwa fedha za kigeni. Wapo pia watakaosema kwamba mitambo ya kisasa hujiongeza yenyewe kazi inapozidi. Ni kweli hujiongeza, ila kwa kufuata amri zilizoandikwa na binadamu, na kwa kadiri ya chuma kilichopo. Tena mashine pepe mpya huweza kuchukua dakika kadhaa kuwa tayari, ilhali umati hufika kwa sekunde.

Msemo tuliouzoea wa kwamba kupanga ni kuchagua haujapata kuwa wa kweli kuliko hapa. Kila mtambo wa pamoja una orodha ya nani ahudumiwe kwanza pindi uhaba unapotokea. Orodha hiyo ipo hata kama hakuna aliyeiandika, kwa kuwa pasipo uamuzi hushinda anayekimbia haraka zaidi. Mtambo haujui kwamba simu moja ni ya mama anayehitaji gari la wagonjwa usiku, na nyingine ni ya kijana anayetazama mpira. Kujua ni kazi ya binadamu mwenye dhamana, naye sharti aandike uamuzi wake kabla ya siku ya msiba, kwa jina lake na mahali pa kuulizwa.

Mambo ya kuandikwa ni manne, na yote yamo katika uwezo wetu. La kwanza ni kipimo: kila huduma ijulikane hutumia kiasi gani siku ya kawaida na siku ya kilele. La pili ni fungu lisiloguswa, yaani nguvu na kumbukumbu zilizotengwa kwa huduma za dharura, ambazo hazikopeshwi hata zikilala mwaka mzima. La tatu ni kutenganisha pacha. Huduma yenye nakala ya akiba haipaswi kuwekwa pamoja na nakala yake juu ya chuma kimoja, kwani chuma hicho kikianguka vyote viwili huanguka. Taratibu za ETSI zina kanuni ya jambo hilo, lakini kanuni haina faida ikiwa aliyeagiza huduma hakuomba itumike. La nne ni foleni: umati ukija, mfumo uwe na njia ya kupokea wachache wachache na kuwaambia wengine wangoje, badala ya kuwafungulia wote mlango na kumkosa kila mmoja.

Nchi yetu ina kumbukumbu yake katika mambo haya. Kompyuta ziliingia serikalini katika miaka ya 1960, na mwaka 1974 uagizaji wake ulipigwa marufuku isipokuwa kwa kibali. Watu wengi hukumbuka marufuku hiyo kama hofu ya maendeleo. Wanaosahauliwa ni wale waliokuwa wamepewa mitambo ghali bila mpango, bila watu wa kutosha waliofundishwa, na bila kipimo cha faida. Leo tuna Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na Mamlaka iliyoundwa kwayo ili kuratibu shughuli hizi katika taasisi za umma. Tumetoka katika kuogopa mashine, na isiwe sasa tunaingia katika kuiamini kupita kiasi, kwani makosa hayo mawili huzaliwa na uvivu mmoja wa kutopanga.

Kwa hiyo mtumishi wa umma anayejaza fomu ya kuombea mfumo wake nafasi katika mitambo ya pamoja ajue kwamba anagusa mali ya wengine. Akiomba mashine yenye nguvu mara nane ya haja yake, eti kwa tahadhari, amemnyima mwenzake ambaye hatamwona kamwe. Akiacha mashine iliyokwisha kazi ikiendelea kuwaka kwa sababu hakuna aliyemwuliza, amefanya ubadhirifu sawa na wa gari la serikali linalonguruma uani bila dereva. Na akijua kwamba tarehe fulani huduma yake itakimbiliwa na maelfu, asipotoa taarifa mapema amewatega waliomo pamoja naye. Mkuu wa idara naye asisaini mkataba wa mitambo hiyo kabla hajauliza swali moja: siku tukizidiwa, ni huduma gani itazimwa kwanza, na nani ameamua hivyo?

Ndugu zetu walimu wana sehemu yao pia. Kijana anayehitimu leo hujua kutumia mtandao kabla hajajua kwamba mtandao una ukomo. Afundishwe kwamba nyuma ya kioo cha simu yake kuna chuma, umeme, maji ya kupoza na jasho la mafundi, na kwamba vitu hivyo huhesabika. Taifa la watu wanaojua kuhesabu walichonacho halitashtukizwa na siku ya mafuriko, na mama yule anayepiga simu usiku atapokelewa.