Kumfungia Mlevi Chumbani Si Tiba



Wazazi wetu, ndugu zetu na wanafunzi, leo hatukuja na maneno matamu. Ipo desturi katika majumba yetu hapa Kator, nayo inasifiwa kana kwamba ni malezi mema. Kijana akishindwa kuacha araki, bangi au vidonge, hufungiwa chumbani, pengine na mnyororo mguuni, akawa analetewa chakula mpaka "akili imrudie". Wengine humpeleka polisi wao wenyewe, wakaomba awekwe ndani. Akitoka amenenepa kidogo na macho yametulia, mama hupika, majirani huja kutoa hongera, Alhamdulillaah kijana amepona! Sisi tunasema wazi kwamba hajapona, na huenda mmemsogeza karibu na kaburi.

Tuanze na araki, kwa kuwa ndiyo iliyo mlangoni petu. Ukishuka kuelekea soko la Konyo Konyo huikosi, wengine huiita siko, imepikwa nyumbani na hakuna ajuaye nguvu yake. Mtu aliyeinywa kila siku kwa miaka, mwili wake umeshajipanga kuishi nayo. Pombe huutuliza ubongo kwa nguvu, nao ubongo hujibu kwa kujichochea zaidi ili mtu asilale daima. Sasa iondoe pombe ghafla: ule mchocheo unabaki peke yake. Ndani ya siku mbili za mwanzo mtu hutetemeka, hutokwa jasho, huweza kuanguka kifafa. Siku ya pili mpaka ya nne wengine huona wadudu ukutani na kuzungumza na watu wasiokuwapo. Hapo jirani husema, "Ni majini hayo!" na akaitwa msomaji. Ruqya hatuipingi hata kidogo, bali huyu anahitaji daktari usiku huo huo, kwani hali hii huua. Naye yuko nyuma ya kufuli, na ufunguo anao baba aliyekwenda dukani.

Unga, wanaoujua wenye jamaa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, mambo yake ni kinyume. Arosto ya unga ni mateso makubwa, mifupa inauma, mtu anahara, anatapika, halali. Lakini kwa kawaida haimuui kijana mwenye afya akipata maji ya kutosha. Kinachomuua ni kutoka. Baada ya wiki chache za kufungiwa, mwili umepoteza ule uzoefu wake, ila hamu haikwenda popote. Akikutana na wenzake akatumia kipimo chake cha zamani, pumzi inakatika. Mwaka 2007 ulitolewa utafiti wa zaidi ya wafungwa 30,000 walioachiwa katika jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za mwanzo baada ya kuachiwa, hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya wakazi wengine, na sababu iliyoongoza ni kuzidisha dawa za kulevya. Basi mzazi anayesema "nimemweka ndani mwezi mzima, sasa salama" ajue kwamba siku za hatari ndiyo kwanza zinaanza.

Na huko jela kwenyewe? Mwaka 2016 Amnesty International walieleza kuwa hospitali kuu ya Juba ilikuwa na vitanda 12 tu vya wagonjwa wa akili, na kwamba wagonjwa wengi walikuwa wakiwekwa gerezani bila kosa lolote, kwa kukosa pa kupelekwa. Haya yaliandikwa baada ya vita vya Desemba 2013, vita vingine vikafuata Julai 2016. Vijana walioona maiti barabarani wakiwa watoto ndio hawa tunaowaita wahuni leo. Hatusemi vita vinahalalisha kilevi. Tunasema asiyeuliza kijana alianza lini na kwa nini, atamfunga mara kumi na mara kumi atarudia.

Tunajibiwa, "Amejitakia, hii ni dhambi si ugonjwa." Ni dhambi, hakuna anayebisha. Lakini nani kasema dhambi haiwezi kuzaa ugonjwa? Tunasoma wote kwamba ulevi haukuharamishwa kwa siku moja, ulikatazwa kwa hatua, mpaka ikateremka Aya ya Suratul-Maaidah. Na tunaisoma habari ya yule mtu aliyekuwa akiletwa kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kwa kosa la ulevi mara kwa mara. Mmoja akamlaani, Mtume akamkataza, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Allaah na Mtume Wake. Adhabu aliipata, mlango haukufungwa. Sisi tumeshika adhabu tu.

Wapo wanaosema hakuna njia nyingine. Ipo. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa unga Februari 2011. Mgonjwa hunywa kipimo chake kila siku mbele ya mhudumu, arosto inakaa mbali, anaweza kufanya kazi na kurudi kwa watoto wake. Zanzibar, ambako karibu wote ni Waislamu, zipo nyumba za soba ambamo waliokwisha kuacha huwasimamia wanaotaka kuacha. Msituambie methadoni ni kubadilisha kilevi kwa kilevi. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu tangu 2005. Hata kwa pombe, mwaka 2023 orodha hiyo iliongezewa dawa za kupunguza hamu.

Hapa kwetu hatuna vituo hivyo. Ndiyo maana tunazitaka kamati za misikiti ziweke fungu. Zulia jipya huchangiwa Ijumaa moja, basi na nauli ya kumfikisha mgonjwa kwa daktari ichangiwe. Na maimamu wasiishie kukemea mimbarini, wawatembelee wenye nyumba waliofunga milango kwa aibu.

Mwenye mgonjwa sasa hivi, fanya haya. Mnywaji wa kila siku asikatishwe ghafla bila daktari. Akitetemeka sana au akianguka, hospitali, msisubiri asubuhi. Aliyetoka jela au kufungiwa asilale peke yake wiki za mwanzo. Mkimkuta haamki, pumzi ni chache na midomo imebadilika rangi, mlazeni ubavu, mmoja asimamie pumzi yake na mwingine atafute gari. Waambieni madaktari ukweli wa alichotumia, kwa kuwa ya unga na vidonge vya jamii yake ipo sindano ya naloksoni, na hawawezi kuitoa kwa ugonjwa mliouficha.