Hati ya Mwendo Kasi Isifichwe Nyumbani

Ndugu msomaji, juma hili tuzungumze juu ya mgeni anayeingia nyumbani bila kubisha hodi. Mgeni huyo ni hati ya faini ya mwendo kasi, aliyoipata kijana akiwa na gari la baba, la shangazi au la mwajiri wake.

Kwa miaka mingi dereva mkosaji alisimamishwa na askari, akaelezwa kosa lake uso kwa uso. Mwezi Juni mwaka 2025, Uganda ilianza kutoza faini kwa kamera zinazopima mwendo na kusoma namba ya gari. Kwa kanuni za wakati huo, aliyezidisha mwendo kwa kilometa zisizozidi 30 kwa saa alitakiwa kulipa shilingi 200,000. Aliyepita hapo, shilingi 600,000. Na muda wa kulipa ulikuwa saa 72. Malalamiko yakazidi, hata mwezi huo huo Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Jenerali Katumba Wamala, akausimamisha mpango huo ili utazamwe upya.

Hata hivyo, somo moja lafaa kukumbukwa katika kila nyumba yenye gari. Kamera haiijui sura ya dereva. Huijua namba ya gari, na namba hiyo imeandikishwa kwa jina la mwenye gari. Basi mtoto hukosa, na mzazi hudaiwa. Kijana akiificha habari hiyo kwa hofu, muda hupita na deni huongezeka. Mwenye gari huja kuyajua hayo siku aliposimamishwa njiani, akaaibika mbele ya watu kwa kosa asilolitenda. Fedha zitalipwa hatimaye, lakini imani iliyovunjika haina risiti. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nanyi vijana, hebu tupige hesabu. Barabara ya kasi iendayo Entebbe, kuanzia Busega, ina urefu wa kiasi cha kilometa 37, na kiwango chake ni kilometa 100 kwa saa. Mwenye kukitii kiwango hicho huimaliza kwa dakika 22 hivi. Mwenye kukimbiza kilometa 135 kwa saa huimaliza kwa dakika 16 na nusu. Ameokoa dakika zisizotimia sita! Kwa kanuni zile za mwaka 2025, kila dakika aliyoiokoa ingemgharimu zaidi ya shilingi 100,000. Ni nani kati yenu aliye na kazi yenye ujira wa namna hiyo?

Na faini si hasara iliyo kubwa kuliko zote. Mwendo ukiwa maradufu, umbali ambao gari huburuzika baada ya breki kukanyagwa huwa mara nne. Katika mwaka 2024, Polisi ya Uganda ilihesabu watu 5,144 waliokufa kwa ajali za barabarani. Wengi wao walikuwa waendao kwa miguu na wapandao pikipiki. Hati ya faini, basi, ni onyo lililofika kabla ya msiba.

Wazazi nao wana wajibu wao. Kabla ya kumkabidhi kijana ufunguo, yafaa mpatane mambo matatu. Kwanza, habari ya faini isemwe siku ile ile. Pili, mzazi akilipa ili muda usipite, kijana amrudishie fedha hizo, ijapokuwa kidogo kidogo kila mwezi. Tatu, ufunguo ukae kwa mzazi kwa muda uliokubaliwa, kisha urudishwe bila masimango.

Kabla ya kulipa, isomeni hati hiyo pamoja: mahali, saa na namba ya gari. Asiyekubali kosa anayo haki ya kujitetea mahakamani, wala kijana asihukumiwe nyumbani kabla hajasikilizwa.

Mwisho, mzazi asipokee habari hiyo kwa makelele. Hasira ya leo ndiyo izaayo siri ya kesho. Wala asisahau kwamba mtoto aliyekaa kiti cha nyuma kwa miaka kumi na mitano alikuwa akiutazama mguu wa baba juu ya mafuta. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.