Gari zuri, lakini bibi anataka bajaji

Bibi alishuka garini mbele ya geti, akashika kiuno kwa mikono miwili, akasimama kimya kidogo. Alikuwa ametoka kliniki, na nyonga yake haikuwa imetulia tangu Aprili.

"Mwanangu, gari lako ni zuri, Mungu akubariki. Ila kliniki ijayo niitieni bajaji."

Mwanawe alicheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Gari lenyewe ni la Kijerumani, lililotumika, lililoshuka bandarini Dar es Salaam kutoka Japan miezi minne tu kabla ya siku hiyo. Lina viti vya ngozi na kiyoyozi kinachofika hadi siti ya nyuma. Mkewe alikuwa amelalamika tangu wiki ya kwanza kwamba kila tuta la mtaani kwao Tabata analisikia mgongoni, na kila kishimo kinagonga kama nyundo. Mume akajibu kwamba shokapu zimechoka. Zikanunuliwa mbili za mbele, baadaye mbili za nyuma, na fedha iliyotumika ilikuwa imetengwa kwa ajili ya ada. Gari likaendelea kugonga vilevile.

Aliyemaliza ubishi ni fundi wa matairi, tena bila kulipwa chochote. Alichuchumaa, akapangusa vumbi ubavuni mwa tairi, akasoma herufi tatu: RSC.

"Bosi, hizi ni ranifleti. Shokapu ulizozitoa ziko wapi? Huenda zilikuwa nzima."

Ranifleti ni tairi lililotengenezwa liendelee kubeba gari hata upepo ukiisha wote. Tairi la kawaida likipata pancha, kuta zake za ubavuni hukunjamana na rimu hukaribia kugusa lami. Ranifleti ina kuta nene, zilizoongezewa mpira mgumu kwa ndani, kiasi kwamba zinaweza kushikilia uzito wa gari peke yake. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, na gari likijaa watu na mizigo umbali huo unaweza kupungua. Kampuni ya BMW ndiyo iliyoyaeneza sana. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 magari yake mengi yametoka kiwandani yakiwa na matairi haya, na mengi hayakupewa tairi la akiba wala nafasi yake chini ya buti. Mini nazo ni hivyohivyo. Anayenunua gari mtandaoni kwa kutazama picha hawezi kulijua hili mpaka siku atakapoinua zulia la buti.

Shida ya mgongo wa bibi inaanzia kwenye kuta hizo nene. Watu wengi hudhani kinachozuia mshtuko wa barabara ni springi na shokapu peke yake, wakati springi ya kwanza kabisa ni tairi lenyewe. Tairi la kawaida likikanyaga ukingo wa shimo, ubavu wake hujikunja, ukameza sehemu ya pigo kabla halijafika juu. Ubavu wa ranifleti hauko tayari kujikunja, kwa hiyo pigo linapanda hadi kwenye kiti. Isitoshe, tairi hili ni zito kuliko mwenzake, na gurudumu zito huchelewa kufuata vishimo na mabonde madogo ya barabara. Ndiyo maana kwenye lami nzuri ya barabara kuu tofauti ni ndogo, na abiria anaweza kusinzia bila kujua amekalia tairi la aina gani. Tofauti hujitokeza mtaani, kwenye viungio vya madaraja, na kwenye vile vituta vidogo vilivyopangwa kwa mfululizo, ambavyo ukivipita na ranifleti meno yanagongana.

Kwa haki ya watengenezaji, matairi haya ya miaka ya karibuni ni laini kuliko yale ya mwanzo. Lakini gari la miaka kumi na zaidi kutoka Japan si ajabu likaja na matairi makuukuu. Mpira ukizeeka hukakamaa, uwe wa ranifleti au wa kawaida. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne baada ya herufi DOT. Ukikuta 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016.

Kuna pia suala la saizi, ambalo wauzaji hulisifia kama urembo. Tairi la 205/55R16 lina ubavu wa karibu milimita 113. La 225/40R18 lina milimita 90 tu. Rimu kubwa inayong'aa inakula nafasi ya mpira, na ukiunganisha ubavu mfupi na ugumu wa ranifleti, mtoto aliyelala nyuma ataamka kila tuta. Hata rimu yenyewe hupinda kirahisi kwenye mashimo.

Kwa hiyo kabla ya kununua shokapu, mtu aanze na vitu visivyo na gharama. Apime upepo asubuhi, matairi yakiwa ya baridi, aulinganishe na kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kibandiko kikisema 32 na kijana wa kujaza upepo ameweka 40 "ili gari lisilale", hapo kuna ugumu wa bure kabisa. Lakini asishuke chini ya kibandiko kutafuta ulaini, maana tairi lenye upepo pungufu hupata joto na linaweza kupasuka safarini. Kisha asome ubavuni. Herufi RSC, RFT, ROF, ZP au SSR, kutegemea kampuni, zinaonyesha kwamba ni ranifleti.

Usiku ule mume alikuwa ameshaamua kwamba kesho anafunga matairi ya kawaida, yote manne. Mkewe, ambaye ndiye aliyelalamika kwa miezi minne, akamshangaza.

"Sawa, Baba Watoto. Na nikipata pancha saa mbili usiku pale Ubungo, mimi na watoto?"

Swali hilo ndilo lililofanya matairi haya yatengenezwe. Mama aliye peke yake na watoto hahitaji kusimama gizani na kutafuta jeki. Taa inawaka kwenye dashibodi, anapunguza mwendo, anafika nyumbani. Hilo si jambo dogo, na familia ambayo gari lake halitoki mjini, ambayo mgongo wa kila mtu ni mzima, inaweza kuamua kuvumilia matuta kwa ajili ya usiku mmoja wa namna hiyo. Inafaa tu ijue kwamba taa hiyo lazima iwe inafanya kazi. Ranifleti iliyoishiwa upepo inaonekana karibu sawa na nzima, na dereva asiyeonywa atakimbia nayo mpaka isambaratike.

Ila familia hii kila Desemba huenda Moshi, safari ya zaidi ya kilomita 500. Kwa safari kama hiyo kilomita 80 ni chache. Kutoka Dar es Salaam mjini hadi Chalinze peke yake ni zaidi ya 100. Na ukifika kwa fundi pancha wa njiani, kazi ndiyo inaanza. Ubavu mgumu wa ranifleti haukubali kuvuliwa kwenye rimu kwa vyuma na nyundo. Unataka mashine, na anayelazimisha kwa mikono anaweza kuharibu ukingo wa tairi. Tena tairi lililokwisha kutembea bila upepo mara nyingi halizibwi, kwa kuwa uharibifu wa ndani ya kuta hauonekani kwa macho. Inabidi kununua jipya, na ranifleti ya saizi yako haiuzwi kila mji.

Wakafikia uamuzi wiki mbili baadaye, baada ya mishahara. Walinunua matairi matano ya kawaida, si manne, pamoja na rimu moja ya mtumba inayolingana, jeki, spana ya magurudumu na pembetatu za tahadhari. Mke ndiye aliyeng'ang'ania la tano. Alikuwa amesikia wanaobadilisha manne na kutegemea chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo ya umeme. Chupa hiyo inafaa kwa tundu la msumari. Ubavu ukichanika haisaidii kitu. Wala hawakuchanganya, mbili za aina hii na mbili za ile, kama muuzaji mmoja alivyowashauri ili kupunguza gharama. Gari lenye matairi yasiyofanana tabia linaweza kumgeuka dereva kwenye kona au breki ya ghafla.

Jumamosi hiyo mke akafundishwa kubadilisha tairi uani, watoto wakihesabu nati. Mara ya kwanza ilimchukua dakika arobaini. Mume alisema sasa usukani umekuwa mlegevu kidogo kwenye kona, na ni kweli, ubavu laini huleta hali hiyo. Hakuna aliyemjibu.

Bibi alipelekwa kliniki kwa gari. Aliporudi hakusema kitu kuhusu barabara. Aliuliza tu kama kuna chai.

Tairi la tano halikupata mahali pa kukaa isipokuwa ndani ya buti, limefungwa kwa mkanda lisiruke wakati wa breki, likala nusu ya nafasi ya mizigo. Safari ya Moshi inakaribia, na mabegi yameshapangwa sebuleni mara mbili. Kila yanapopangwa, linalobaki nje ni la baba.